Vioo Kumi na Moja vya Injinia

Mhariri ameniambia barua zimekuja. Msomaji mmoja anauliza kwa nini watu wazima wenye akili zao wanakaa kwenye jengo lenye nyufa. Nimjibu huyo kwanza, asije akakosa usingizi. Tunakaa kwa sababu ndiko vyombo vyetu viliko. Na kila mwenye pa kwenda alishakwenda zamani.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Ninaishi katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na bibi yangu mzaa mama. Nilipofukuzwa kazi kwa dobi, kamati ya wapangaji ilinipa kazi ya kufagia ngazi. Jengo lina ghorofa sita na lifti moja. Hiyo lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kabla sijaanza shule, na iko hapo mpaka leo. Watu wameizoea kama jamaa mgonjwa asiyekufa.

Kisha akaja injinia wa manispaa. Alipanda ngazi akihema, akamulika kuta kwa tochi, akabandika vipande vya kioo juu ya nyufa, kumi na moja kwa jumla. Kila kipande kirefu kama kidole, chembamba, kimeshikwa kwa gundi upande huu wa ufa na upande ule. Juu ya kila kimoja akaandika tarehe kwa wino mweusi.

“Jengo likiwa limetulia, vioo vitabaki vizima,” alisema. “Likiwa linatembea, vitapasuka. Narudi baada ya siku thelathini. Nikikuta vitatu vimepasuka, natia kufuli.”

Hapo ndipo nilipoishia. Injinia yule alisomea kupima majengo, hakusomea kupima watu. Mtu mwenye akili angevibandika akanyamaza. Yeye aliwasomea wezi ratiba ya mlinzi.

*

Kioo cha kwanza kilipasuka siku ya sita.

Nilikiona mimi, asubuhi, nikiwa na ufagio. Kilikuwa cha ghorofa ya nne, karibu na dirisha la ngazi. Kimekatika katikati, safi, utadhani kimekatwa kwa mkasi.

Nikaenda kumwambia mjomba. Mjomba wangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Anakaa na mkewe chumba cha pili kutoka chetu, na huvaa tai hata akishuka kuteka maji uani. Zamani alikuwa karani wa benki iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Benki ilihamia upande mpya wa mji. Posta ikaifuata, na maduka makubwa yakaifuata posta. Hata ombaomba wamehamia huko, maana huku hakuna wa kuombwa. Mjomba ndiye aliyesahauliwa kwenye kuhama.

Bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi, husema: “Mwanangu huyu alizaliwa na ajenda mkononi.”

Basi mjomba akaitisha mkutano. Kuitisha mkutano ndiyo kazi pekee anayoifanya kwa bidii. Wakakaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, chini ya lifti, kila mtu na chake cha kukalia.

“Ndugu wapangaji,” alisema, “kimoja kimetangulia.”

“Kimepasuka kwa nini?” akauliza msusi wa ghorofa ya kwanza.

“Jua,” akasema mtu. “Pale dirishani jua linapiga moja kwa moja.”

“Jua gani? Upande ule haujaona jua tangu walipojenga benki.”

“Basi ni huyu na ufagio wake.”

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimesimama nimeushika ufagio, kwa hiyo ushahidi ulikuwepo.

“Sijakigusa,” nikasema.

“Hakuna anayekulaumu, binti,” alisema mjomba, kwa ile sauti yake ya kulaumu.

Sasa nisikilize, msomaji. Katika watu wale thelathini na kitu, hakuna hata mmoja aliyesema: kumbe jengo linatembea. Hata mmoja. Walikuwa wamekalia zile ngazi, migongo wameiegemeza kwenye ukuta ule ule, wakajadili kioo. Kioo ndicho kilichokuwa adui. Kioo ndicho kilichokuwa mchongezi.

“Kibadilishwe,” alisema msusi.

“Kibadilishwe,” wakaitikia.

“Na nani?”

“Na anayefagia. Nani humwangalia anayefagia?”

Hilo ndilo neno pekee la akili lililosemwa siku ile.

*

Chini ya jengo letu kuna maduka tisa. Lililo wazi ni moja, la fundi vioo. Mengine yote yamefungwa, na manispaa imeyapaka rangi ya samawati upande wa barabarani, ili wageni wakipita ndani ya magari yao waone jiji linapendeza. Upande wa uani hawakupaka. Wageni hawaendi uani.

Fundi vioo ni mzee wa makovu. Vidole vyake ukivitazama utadhani vimeandikwa.

“Wataka kioo cha picha?” aliniuliza.

“Cha ukutani.”

Akanitazama kwa juu ya miwani. “Cha injinia.”

“Umejuaje?”

“Binti, juu ya kichwa changu kuna ghorofa sita za midomo. Nisijue?”

Akakata kipande, akakisugua kingo, akanipa. Hakuuliza la zaidi. Kila kinachovunjika katika mji huu ni chakula chake, atahuzunika kwa nini?

Tarehe niliandika mimi. Shuleni nilipata zawadi moja tu kwa miaka yote saba, zawadi ya mwandiko: daftari moja na kalamu mbili. Mwalimu alisema mwandiko ule utanifikisha mbali. Umenifikisha ghorofa ya nne, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, naiga mkono wa injinia. Saba yake ina kistari tumboni. Moja yake ina mkia. Nilifanya mazoezi nyuma ya kalenda ya mwaka jana mpaka nikashindwa mwenyewe kutofautisha yake na yangu.

Kufika siku ya kumi na tano nilikuwa nimeshabadilisha vioo sita, vingine mara mbili. Kila nikipanda na chupa ya gundi, wapangaji hunipisha njia. Msusi alinishikia ndoo nisianguke.

“Huyu binti ana mkono mwepesi,” aliwaambia wenzake. “Angesoma, angekuwa mbali.”

Fundi vioo akaona nachoka, akanikatia vioo vinene. “Hivi havipasuki ovyo,” alisema.

Na kweli havikupasuka. Viling'oka na lipu yake, kipande kizima cha ukuta, kama jino na fizi. Mjomba akaniagiza nizibe kwa saruji na kupaka chokaa.

Mpaka hapo nilikuwa nafanya nilichotumwa. Ninachokiungama leo ni hiki kinachofuata, maana hiki hakuna aliyenituma.

Nilikaa siku mbili nikikitazama kioo kimoja. Mimi ni mtu wa kutazama. Wenzangu wakikosa la kufanya husema, mimi hutazama. Nikaona kwamba kioo kinapasuka kwa sababu kimeshikwa pande mbili, na kila upande unakivuta kwake. Kikishikwa upande mmoja tu, hakina ugomvi na mtu.

Basi nikavibandika upya vyote kumi na moja, upande mmoja kwa gundi. Upande wa pili nikapaka sabuni ya mche niliyoilainisha kwa maji, ikakauka, ukiitazama ni gundi tupu. Kioo kikatulia. Ufa ukaenda zake chini ya kioo, kioo kikaendelea kuning'inia pale na tarehe yake, hakina habari.

Tangu siku hiyo hakikupasuka hata kimoja. Wapangaji wakaanza kusema jengo limepata nafuu.

Mimi nilijua halijapata. Kwenye ncha ya kila kioo, upande wa sabuni, nilikuwa nimeweka alama ukutani kwa kalamu ya risasi. Kila asubuhi nikifagia natazama. Kile cha ghorofa ya nne kiliiacha alama yake kwa upana wa punje ya mchele.

Sikumwambia mtu isipokuwa bibi.

Bibi hajashuka chini miaka miwili. Magoti yake yamekataa ngazi, na lifti imekataa kila kitu. Anakaa kitandani karibu na dirisha, anahesabu njiwa wanaoingia kwenye ofisi tupu za jengo la pili, na anawasema wapitaji wasiomsikia.

“Punje ya mchele kwa siku ngapi?” aliuliza.

“Tisa.”

“Mjomba wako anajua?”

“Sijamwambia.”

“Usimwambie. Ataitisha mkutano.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta shuka mpaka kifuani.

“Wakitia kufuli,” alisema, “mimi nitabebwa niwekwe wapi?”

Upande mpya wa mji hakuna chumba cha mtu kama mimi. Ndugu tuliye naye ni mjomba, na mjomba naye angekuwa nje na tai yake.

“Pamoja na mke wa mjomba wako chini ya turubai moja?” alisema bibi. “Heri kifusi.”

Hiyo ndiyo sababu niliendelea na sabuni. Sikuwa nawaokoa wale wapangaji. Wale ningewaacha wafungiwe hata kesho yake. Nilikuwa namtafutia bibi yangu mahali pa kulala.

*

Siku ya thelathini injinia akaja.

Wapangaji walijipanga kwenye korido kama watoto siku ya ukaguzi wa kucha. Mjomba alivaa tai mpya. Injinia akapanda, akimulika kioo kimoja kimoja, akisoma tarehe zangu kwa sauti.

“Kizima,” alisema. “Kizima. Kizima.”

Hakukigusa hata kimoja. Angekipulizia tu kile cha ghorofa ya nne, kingezunguka kama mshale wa saa. Ghorofa ya sita hakufika kabisa. Alisimama kwenye kona ya ngazi za tano, akashika kiuno, akasema vile vya juu anaviona kutoka hapo.

“Jengo limetulia,” alisema.

Akaandika ripoti yake papo hapo, karatasi ameiegemeza kwenye ukuta ule ule.

Alipoondoka, mjomba akahutubia. “Ndugu wapangaji, umoja wetu ndio uliolisimamisha jengo hili.”

Wakapiga makofi. Mimi nikatazama dari, maana niliyaogopa hata hayo makofi.

*

Wiki tatu zikapita, akaja mwenye jengo.

Mtu huyu hakuwa amekanyaga pale kwa miaka minne. Lifti hakuitengeneza, maji hakuyapandisha, paa hakuliziba. Mjomba alimwandikia barua kwa maneno makubwa makubwa, hata bahasha hakurudisha. Sasa kaja mwenyewe, viatu vyeupe, ameshika karatasi ndani ya plastiki kama cheti cha ndoa. Ilikuwa ripoti ya injinia.

“Nimefurahi sana,” alisema. “Jengo letu ni zima.”

Letu. Siku ya kuvuja huwa ni lenu.

Akaeleza mpango wake. Paa litawekwa jukwaa la zege, na juu ya jukwaa matangi manne, kila moja kubwa kama chumba. Uani itawekwa pampu. Mitaa yote ya katikati ya jiji haina maji ya kuaminika, kwa hiyo watakuja kuyanunua kwetu. Na sisi wapangaji tutafunguliwa bomba kila ghorofa.

Maji. Neno hilo liliwalevya. Mtu aliyebeba ndoo kwenye zile ngazi miaka yote hiyo, mwambie atafungua bomba kwenye korido yake, hatakuuliza bomba limetoka wapi. Msusi alitoa machozi.

Nikangoja. Nilidhani mtu atasema. Hakukuwa na mpangaji hata mmoja asiyejua habari ya vile vioo. Nikawatazama mmoja mmoja, nao wakamtazama mwenye jengo.

Jioni yake nikamfuata msusi akifagia nywele chumbani anakosukia.

“Dada, hayo matangi ni mazito.”

“Si injinia kasema jengo limetulia?”

“Injinia aliangalia vioo tulivyobandika sisi. Ulinishikia ndoo.”

“Najua nilikushikia,” alisema. “Lakini yule ni injinia. Kasoma. Pangekuwa na ubaya angeuona.”

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Walikuwa wameidanganya karatasi. Karatasi ikaenda manispaa, ikagongwa muhuri, ikarudi ikawadanganya wao, nao wakaiamini. Nimeona wajinga wa kila namna katika mji huu, lakini mjinga wa kutapeliwa na uongo alioutunga mwenyewe nilimkuta nyumbani kwetu.

Nikaenda kwa mjomba.

“Mjomba, vioo ni vyetu.”

“Vioo vilikuwa vyetu,” alisema. “Ripoti ni yake.” Akainyoosha tai. “Halafu usisahau mwandiko ule ni wa nani.”

*

Siku kumi nzima walipandisha kokoto, nondo na saruji kwa mabega, kupitia ngazi zangu. Mimi nafagia vumbi la saruji, wao wanalimwaga upya. Kwenye ghorofa ya nne punje ya mchele ilikuwa punje mbili, kisha ikawa upana wa ukucha wangu mdogo.

Asubuhi iliyofuata siku waliyopandisha matangi yenyewe, matupu, kwa kamba kupitia nje, nikavaa gauni langu la kutokea, nikaenda manispaa.

Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Wenye miadi waliingia, wenye jamaa ndani wakaingia, wenye sauti wakaingia. Mimi nikaingia walipokwisha.

“Mimi ndiye ninayefagia ngazi kwenye lile jengo la vioo kumi na moja,” nikasema.

“Hatuna nafasi za kazi,” alisema injinia bila kuinua kichwa.

“Sitafuti kazi. Vioo ulivyovikuta siku ile si vyako.”

Kalamu ikasimama. “Ni vya nani?”

“Vya fundi vioo wa pale chini. Nilivibandika mimi. Upande mmoja gundi, upande mmoja sabuni.”

Akauliza swali ambalo sikulitegemea. “Sabuni gani?”

“Ya mche.”

Nilimwona akiisifia ile sabuni moyoni, kifundi, kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Kisha akaukumbuka mshahara wake. Akainuka, akafunga dirisha.

“Nani mwingine anajua?”

“Ghorofa sita zote.”

“Umesoma mpaka wapi wewe?”

“La saba.”

“Mimi nimesoma miaka kumi na tisa,” alisema. “Nikitoka hapa nikasema nilidanganywa na la saba na sabuni ya mche, hiyo miaka kumi na tisa niipeleke wapi?”

“Kuna watu mle ndani, mheshimiwa. Bibi yangu hawezi kushuka ngazi.”

“Tarehe ulizoghushi ni zangu. Ukiyasema haya nje ya chumba hiki, wa kwanza kulala rumande ni wewe.” Akakaa, akaivuta karatasi nyingine karibu. “Nenda nyumbani. Nitapita wiki ijayo.”

“Wiki ijayo matangi yatakuwa yamejaa.”

“Basi nitayaona yakiwa yamejaa.”

Nikatoka. Nilimdharau tangu pale mlangoni kwake mpaka kona ya pili ya barabara. Kwenye kona ya pili nikakumbuka kwamba yeye aliandika uongo mmoja. Mimi niliandika kumi na moja, na kila mmoja nikautia tarehe.

*

Nilipofika kwetu nilisikia pampu kabla sijaiona. Hawakungoja wiki ijayo. Hawakungoja hata zege likauke vizuri. Matangi mawili yalikuwa yameshajaa, na la tatu lilikuwa linapokea.

Wapangaji wamejaa kwenye ngazi na ndoo zao, wamevaa kama watu wa sherehe. Mwenye jengo alikuwa amekuja kufungua bomba rasmi. Nikapanda nikiwapita. Nilitarajia kumkuta bibi dirishani akiwasema.

Ghorofa ya tatu watu walikuwa wamesongamana mbele ya chumba chetu. Mjomba amekunja mikono ya shati, anausukuma mlango kwa bega.

“Mama, toa komeo.”

“Sijatia komeo,” ilijibu sauti ya bibi kutoka ndani.

“Umetia. Unataka kuniaibisha mbele ya mgeni.”

“Wewe wa kuaibishwa na mimi? Niko kitandani tangu asubuhi. Nimekwenda kufunga mlango kwa mguu upi?”

Watu wakacheka. Mjomba akausukuma tena, mlango haukucheza hata kidogo.

Nikapenya mpaka mbele. Sikuutazama mlango, nilitazama fremu yake. Pembe ya juu upande wa kulia ilikuwa imeshuka. Ile mbao iliyonyooka kila siku ilikuwa imelala mshazari, imeuuma mlango kwa juu. Juu ya fremu ufa mpya ulikuwa umepanda mpaka kwenye dari. Haukuwa na kioo, maana asubuhi haukuwepo.

“Bibi,” nikaita, “uko salama?”

“Kuna vumbi linaniangukia usoni. Mwambie mjomba wako aache kubisha.”

Fundi vioo alikuwa amepanda na mtaimbo kutoka dukani kwake. Mjomba akaunyooshea mkono.

“Tunaing'oa fremu,” alisema. “Dakika moja tu.”

“Msiiguse,” nikasema. “Zimeni pampu kwanza. Fremu hiyo ndiyo iliyoubeba ukuta sasa hivi.”

“Huyu ni nani?” akauliza mwenye jengo.

“Anafagia,” alisema mjomba.

Mwenye jengo akanigeukia, akaongea polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. “Jengo limetulia, mwanangu. Injinia amethibitisha.”

“Injinia alisoma vioo,” nikasema. “Vioo nilivibandika mimi. Tarehe niliandika mimi. Jengo halijatulia hata siku moja.”

Ikasikika pampu peke yake kule uani.

“Wote hawa wanajua,” nikasema. “Waulize.”

Akawatazama. Msusi akainamia ndoo yake kama aliyedondosha kitu ndani. Wale waliosema kibadilishwe wakawa wanaangalia viatu vya wenzao.

“Fundi, sema wewe,” nikasema. “Umenikatia vipande ishirini na tatu.”

“Mimi humkatia kila anayekuja,” alisema fundi vioo. “Sijui mtu anakwenda kubandika wapi.”

Mjomba akaweka mkono begani kwa mwenye jengo. “Msamehe, bosi. Mama yake naye alikuwa hivi hivi.”

Mama yangu alikuwa dada yake wa tumbo moja. Hakuwa hivi hivi. Lakini siku ile hakukuwa na nafasi ya kumtetea marehemu.

“Pampu iendelee,” alisema mwenye jengo. “Na huo mlango ufunguliwe. Mama wa watu asikose maji siku ya maji.”

Mjomba akaupokea mtaimbo. Akatafuta pa kuuchomeka, pale pale juu kulia, penye pembe iliyoshuka. Nadhani ndani ya moyo wake alikuwa anajua. Lakini mtu aliyezoea kupigiwa makofi hajui kurudi nyuma mbele ya watu.

Nikakaa chini. Mgongo nikauweka mlangoni, miguu nikainyoosha kwenye korido.

“Toka hapo,” alisema.

“Zimeni pampu.”

“Mama yangu yuko humo ndani.”

“Ndiyo maana nimekaa.”

“Nahesabu mpaka tatu.”

Alipotamka moja, kitu kikanisukuma mgongoni. Hakikugonga. Kilisukuma taratibu, kama mtu anayetaka kupita na hataki kukuumiza.

“Bibi,” nikasema bila kugeuka, “umeinuka?”

“Niinuke na nini?” Sauti yake ilitoka mbali, kitandani, upande wa dirisha.

Mlango ukanisukuma tena, na juu ya kichwa changu fremu ikalia.